Maswali na majibu: kuanza mchezo wa Diplomacy na kuchagua mshirika

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Diplomacy, na nyingi zinauliza mambo mawili: nianzeje, na nimwamini nani? Nimechagua kumi.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, ulibuniwa mwaka 1954 na Mmarekani Allan Calhamer alipokuwa mwanafunzi wa Harvard, na mwaka 1959 akachapisha nakala 500 kwa gharama yake. Wachezaji ni saba, kila mmoja na dola yake: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Saa inaanza mwaka 1901. Ramani ya Ulaya ina vituo 34 vya ugavi, na kila kituo kinalisha kikosi kimoja, jeshi la nchi kavu au manowari. Anayefikisha vituo 18 ameshinda.

Hakuna dadu wala karata. Vikosi vyote vina nguvu sawa, kwa hiyo kumng'oa mtu mahali alipo lazima kikosi kingine kikuunge mkono, na mara nyingi kikosi hicho ni cha dola nyingine. Mnazungumza faraghani, kila mtu anaandika amri zake kwa siri, kisha zinafunuliwa zote kwa pamoja. Amri mbili zenye nguvu sawa zikielekea jimbo moja zinagongana, na kila kikosi kinabaki kilipokuwa. Mwaka una zamu mbili. Baada ya zamu ya pili ndipo vituo vinahesabiwa na vikosi vipya vinaundwa. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kutimiza alichoahidi.

Mimi ni mgeni kabisa. Kabla ya zamu ya kwanza nimfuate nani, na nimwambie nini? (Msomaji, Morogoro)

Wafuate wote sita. Kanuni zinazofuatwa na wengi zinatoa nusu saa ya mazungumzo kabla ya zamu ya kwanza na robo saa kabla ya kila zamu baada ya hapo. Nusu saa hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote utakazopewa usiku mzima, na wageni wengi huimaliza kwa jirani mmoja tu. Ukiwa Uturuki, hutagusana na Uingereza kwa miaka kadhaa, lakini Uingereza akiibana Norwe na kuitazama St. Petersburg, Urusi atalazimika kupeleka jeshi kaskazini, na wewe utapumua. Dakika tatu za kumsalimia zinatosha kulipanda wazo hilo.

La kusema liwe na majina ya majimbo ndani yake. "Tuwe marafiki" haina uzito wowote. Sema: "Manowari yangu ya London inakwenda Bahari ya Kaskazini, haitaingia Mfereji wa Kiingereza. Na wewe usiingie. Chukua Hispania na Ureno bila wasiwasi, tukutane kuzungumza habari ya Ubelgiji zamu ijayo." Hapo umempa kitu, na mkono mtupu haulambwi. Kisha sikiliza anavyojibu. Anayekuuliza maswali, anayekurekebisha, anayesema "hapana, hiyo itanibana Marseilles", huyo anafikiri pamoja nawe. Anayeitikia sawa, sawa, kwa kila neno, ujue amewaitikia hivyo hivyo na wengine.

Jambo moja nitalirudia katika majibu mengi hapa chini, kwa sababu ndilo ninaloliamini kuliko yote kuhusu mchezo huu. Usijichoshe kupima kama mwenzako ni mwaminifu. Pima atapata nini akikugeuka zamu hii. Kama ni kingi, mrekebishie hesabu hiyo: weka kikosi mahali pale, au badilisha mapatano ili kukugeuka kumgharimu. Mapatano mazuri ni yale ambayo mtu asiyekupenda hata kidogo angeyatimiza.

Mwalimu, mara zote nikipata Austria nafutwa kabla ya 1904. Kuna njia, au ni dola ya kuonewa tu? (Msomaji, Nairobi)

Njia ipo, na Austria ikipona miaka miwili ya kwanza ni dola ya kutisha, kwa kuwa iko jirani na Serbia, Ugiriki, Bulgaria na Romania, vituo vinne visivyo na mwenyewe. Shida ni kwamba majirani watatu wanaingia kwako kwa urahisi, na mmoja wao yuko mlangoni kabisa. Trieste yako na Venice ya Italia zinapakana. Kwenye ramani nzima hakuna vituo vingine vya nyumbani vya dola mbili tofauti vilivyogusana hivyo. Ndiyo maana mtu wa kwanza kumwendea ni Italia, kabla hata ya Urusi.

Usimwombe Italia akuhurumie. Mwoneshe hesabu. Akiivamia Trieste mwaka 1901 atapata kituo kimoja. Austria ikianguka, Serbia, Ugiriki, Budapest na Vienna zitagawanywa na Urusi na Uturuki, walio karibu zaidi na wenye nafasi ya kuingiza vikosi vingi, na mwaka 1903 Italia atajikuta peke yake mbele ya dola mbili zilizonenepa. Mwambie hivyo kwa utulivu, kisha mpe kitu: mwahidi kwamba manowari yako itatoka Trieste kwenda Albania, mahali ambapo haiwezi kuitazama Venice. Akikubali kuliacha jeshi la Venice palepale lilipo, mmekwisha kuanza kushirikiana.

Sasa Galicia. Jimbo hilo linagusa Vienna na Budapest, zote mbili. Jeshi la Urusi likitoka Warsaw na kuingia humo zamu ya kwanza, zamu ya pili utalazimika kubahatisha litapiga wapi, na huku unataka vikosi vyako viende Balkani. Kwa hiyo Vienna iamriwe kwenda Galicia, na Urusi umwambie mapema kwamba ndivyo utakavyofanya. Ukimwambia "tugongane pale kwa makubaliano, kila mmoja alale usingizi", Urusi mwenye akili atakubali, kwa kuwa Galicia inagusa na Warsaw yake vilevile. Ukiingia kimyakimya na kulikuta tupu, umepata jimbo na umepata adui.

Jeshi la Budapest liende Serbia, mwaka hadi mwaka, bila mjadala. Zamu ya pili manowari iliyoko Albania inaingia Ugiriki ikiungwa mkono na jeshi la Serbia. Mambo yakienda sawa unamaliza 1901 na vituo vitano. Fahamu hata hivyo kwamba jeshi hilo la Serbia linapakana na Romania pia, na Urusi atakuomba ulitumie kumsaidia kuingia huko. Haliwezi kufanya kazi mbili kwa zamu moja. Ukiona Uturuki anaogopwa zaidi mezani, msaidie Urusi na uicheleweshe Ugiriki. La sivyo, chukua Ugiriki kwanza.

Italia akikukwepa, akawa anakujibu nusu nusu, iko njia ya kujihami ambayo wachezaji wa Ulaya na Marekani wameipa jina la mnyama kalunguyeye: manowari ya Trieste inaamriwa kuipiga Venice, Vienna inakwenda Galicia, Budapest inakwenda Serbia. Jeshi la Venice likiwa limebaki nyumbani, manowari haipenyi na Trieste inabaki na mlinzi. Likiwa limetoka kwa hila na hakuna mwingine aliyeletwa badala yake, unaingia wewe. Siitumii isipokuwa maneno ya Italia yamepingana na aliyomwambia mtu mwingine, kwa sababu gharama yake ni kubwa: Ugiriki inachelewa mwaka mzima, na Italia ambaye pengine hakuwa na nia mbaya ameoneshwa kisu.

Italia haina pa kwenda. Nifanye nini zaidi ya kukaa na kusubiri? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli kwamba kituo pekee kilicho wazi karibu yako ni Tunisi. Lakini Italia ndiye anayeamua vita vya mashariki vitaishaje, na wote wanajua, kwa hiyo utasikilizwa kuliko ukubwa wako unavyostahili.

Mpango ninaoupenda ni ule ulioenezwa na mchezaji mkongwe Edi Birsan, unaoitwa Lepanto kwa kumbukumbu ya vita vya majini vya mwaka 1571 ambavyo manowari za Waturuki zilishindwa. Zamu ya kwanza manowari ya Naples inaingia Bahari ya Ionia, jeshi la Roma linakwenda Apulia, na la Venice linatulia. Zamu ya pili manowari inalivusha jeshi la Apulia mpaka Tunisi. Unajenga manowari ya pili Naples. Mwaka 1902 manowari ya kwanza inasogea Mediterania ya Mashariki na ya pili inachukua nafasi yake Ionia. Zamu ya mwisho ya mwaka huo zinashikana na kulivusha jeshi la Tunisi moja kwa moja mpaka Syria. Mwaka 1903 Smyrna inapigwa kwa jeshi na manowari pamoja.

Mpango huu hauwezekani kama Austria ni adui yako au amekufa. Anatakiwa awe hai, ameshika Serbia na Ugiriki, na anamshughulisha Uturuki kwa mbele huku wewe unazunguka nyuma. Hapo ndipo mapatano yenu yanapojitunza yenyewe: kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa miaka miwili hadi mitatu. Udhaifu wake ni kwamba kila mchezaji mzoefu anaufahamu. Uturuki akikuona Apulia na Ionia ameshaelewa, na akiwa na akili atajenga manowari Smyrna. Ndiyo maana zungumza naye kwa upole mwaka mzima wa kwanza. Tunisi ni haki yako ya kawaida, na safari ya kwenda huko haihitaji maelezo marefu.

Kuelekea kaskazini, Tyrolia na Munich, sikushauri. Ufaransa atakushangilia, kisha Munich ataichukua yeye.

Tutajuaje kama Urusi na Uturuki wameungana? Tukigundua huwa tumechelewa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ushirika huo wachezaji wanauogopa kuliko wote, kwa kuwa Uturuki yuko kwenye kona na Urusi ana vikosi vinne tangu mwanzo, ilhali wengine wote wana vitatu. Wakienda pamoja, mmoja kwa bahari na mwingine kwa nchi kavu, Austria ndiye wa kwanza kuliwa na Italia anafuata.

Tazama Bahari Nyeusi. Jirani hawa wawili wasipoaminiana, manowari ya Sevastopol na ya Ankara zote hujaribu kuingia humo zamu ya kwanza na kugongana. Bahari ikibaki tupu kwa sababu hakuna aliyejaribu, hiyo ni dalili. Tazama pia jeshi la Moscow: likienda St. Petersburg, Urusi ameamua kwamba kusini kuna usalama, na mtu mmoja tu ndiye angeweza kumpa usalama huo. Na ukiona manowari ya Ankara imekwenda Konstantinopoli, inaelekea Bahari ya Aegea. Haikwenda kumchungulia Sevastopol. Ila wajanja hugongana kwa makusudi ili meza itulie, kwa hiyo mgongano mmoja wa 1901 usiukubali kama ushahidi. Mwaka 1902 ndio unaosema kweli: nani amejenga nini? Uturuki anayejenga manowari Smyrna anatazama magharibi. Anayejenga jeshi Ankara anatazama Armenia na Sevastopol.

Kuuvunja ushirika huo ni kazi ya maneno kuliko ya vikosi, nami ningemwendea Urusi. Uturuki akizuiwa kwenye Ionia na Italia, manowari zake hazina pengine pa kwenda, na jirani aliye karibu, mwenye majeshi yaliyokwenda mbali na nyumbani, ni Urusi mwenyewe. Usiseme Uturuki ni mwongo. Mwoneshe Urusi ramani na umwulize swali: mkishaimaliza Austria, Uturuki ataelekea wapi? Aulize mwenyewe, ajijibu mwenyewe. Wakati huohuo Uingereza aichukue Norwe kwa jeshi badala ya manowari, kwa sababu jeshi lililoko Norwe linaweza kuingia St. Petersburg na kuendelea ndani mpaka Moscow, na manowari haiwezi. Hofu ya kaskazini humrudisha Urusi mezani haraka.

Upande wa magharibi: Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Mimi ni Ufaransa. Nimchague nani? (Msomaji, Mombasa)

Anza na hesabu ya vituo, kisha ndipo mwangaliane usoni. Ufaransa anajipatia Hispania na Ureno bila kumgusa mtu, anafika vitano. Ujerumani anajipatia Denmark na Uholanzi, anafika vitano. Uingereza ana uhakika wa Norwe tu, anafika vinne. Kilichobaki ni Ubelgiji, na wote watatu wanaigusa. Ukiitaka wewe utakuwa na vituo sita na maadui wawili walioungana kukushusha. Ukimpa Uingereza, wote mna vitano, na aliyepewa anakumbuka ni nani aliyempa. Mimi ningempa, kwa sharti moja lililo wazi: aingie kwa manowari kutoka Bahari ya Kaskazini, na Mfereji wa Kiingereza ubaki mtupu. Mfereji ukiwa na manowari yake, Brest yako haina amani, na hakuna maneno yatakayobadilisha hilo.

Burgundy nayo ni ya kuzungumzwa mapema na Ujerumani, kwani inagusa Paris, Marseilles na Munich. Wenye tahadhari hukubaliana kugongana pale zamu ya kwanza, jeshi la Paris kwa jeshi la Munich, na hakuna anayepoteza. Wasio na imani kabisa huiingia Burgundy kwa jeshi la Paris likiungwa mkono na jeshi la Marseilles; utaipata kwa hakika ikiwa adui amekuja na kikosi kimoja, lakini Hispania itasubiri na Ujerumani atakuwa ameshajua unachofikiri.

Nimwendee nani? Kumshambulia Uingereza mapema kunahitaji manowari nyingi na mwenzako Ujerumani asiyechoka, na kisiwa kinachelewa kuanguka. Kumshambulia Ujerumani ukiwa na Uingereza kuna mgawanyo mzuri wa kazi: wewe majeshi, yeye manowari, hamlindani kwa nyuma. Lakini ukimaliza, mwenye manowari nyingi ndiye anayezunguka pwani yako, kwa hiyo jenga walau manowari moja Brest au Marseilles kila unapopata nafasi, na umwambie waziwazi kwamba ni kwa ajili ya Italia. Awe anajua pia kwamba inaweza kugeuka.

Nikiwa Ujerumani, kwa nini kila Urusi ananibembeleza kuhusu Uswidi? (Msomaji, Toronto)

Kwa sababu unaweza kumnyima bila kupoteza chochote. Manowari yake ya St. Petersburg inashuka Ghuba ya Bothnia zamu ya kwanza, ili iingie Uswidi zamu ya pili. Manowari yako ya Kiel ikiwa imeingia Denmark, unaiamuru iende Uswidi pia. Zinagongana, yako inabaki Denmark, Denmark inahesabiwa kuwa yako, na Urusi anakosa kituo. Uza ruhusa hiyo kwa bei nzuri: Prussia na Silesia zibaki bila majeshi, na jeshi la Moscow liende kumsumbua Uingereza kule Norwe. Usimjibu mapema. Mjibu baada ya kuona zamu ya kwanza alipeleka wapi jeshi la Warsaw.

Ni wakati gani mzuri wa kumgeuka mshirika? Mimi huwa nawahi au nachelewa. (Msomaji, Kigali)

Wanaowahi hugeuka kwa kituo kimoja. Huo ni wizi mdogo unaokuletea vita vikubwa: mwenzako bado ana vikosi vyake vyote, ana hasira, na kazi yake ya miaka mitatu ijayo itakuwa wewe. Ningesubiri mpaka niweze kuchukua vituo viwili au vitatu kwa pigo moja, au mpaka pigo hilo limuache hana nafasi ya kujenga. Zamu ina maana pia. Ukipiga zamu ya pili ya mwaka, vituo vinahesabiwa palepale: wewe unaunda vikosi vipya, yeye anaondoa vyake, na hana zamu ya kujibu kabla ya hapo. Ukipiga zamu ya kwanza umempa nusu mwaka wa kujipanga, kwa hiyo zamu hiyo itumie kusogea tu, kwa sababu ambayo mwenzako anaikubali.

Mfano: wewe ni Uturuki, Urusi ni rafiki, majeshi yake yako Vienna na Munich, na Sevastopol na Romania hazina walinzi. Manowari yako ikiingia Bahari Nyeusi na jeshi likiwa Armenia, ataona. Jeshi likiwa Bulgaria kwa kisingizio cha kumsaidia kule Serbia, na manowari ikiwa Konstantinopoli "ikielekea Aegea", hana sababu ya kushtuka. Swali la kujiuliza kabla ya kuandika amri ni kama kuna mtu mwingine wa kuwa mshirika wako kesho yake. Uwe umeshazungumza naye. Anayemgeuka rafiki bila rafiki mwingine amejitenga na meza nzima.

Na wapo wasiogeuka kabisa wakafika sare ya watu wawili au watatu, ambayo kanuni inaitambua: waliobaki wakikubaliana, wote wamegawana ushindi. Si aibu hata kidogo.

Mimi ni mtu wa dini. Mchezo unaonitaka niseme uongo unaniumiza. Na shemeji yangu hakuniongelesha wiki nzima baada ya mchezo. (Msomaji, Tanga)

Nakuelewa, na nisingependa mtu ayapuuze haya mawili.

La kwanza, mchezo hauhitaji uongo kama watu wanavyodhani. Hakuna kanuni inayokulazimisha kujibu kila swali. Ukiulizwa "utaniunga mkono Romania?" unaweza kusema "sijaamua", na ni kweli. Unaweza kuahidi zamu moja tu na kukataa kuahidi zaidi. Unaweza kumwambia mtu kwamba mapatano yetu yanaisha Austria ikianguka. Mchezaji wa namna hii anaaminiwa kuliko wote mezani, kwa sababu neno lake likitoka linashikika, na njia ya mwongo ni fupi hata kwenye ramani ya mbao. Kumficha adui mpango wako si sawa na kumdanganya, na hapo kila mtu ataweka mpaka wake mwenyewe. Wako uweke kabla hujakaa, ukiwa umetulia.

La pili ni la shemeji. Kabla ya kuanza, mwenye nyumba aseme kwa sauti kwamba ahadi za mezani zinaishia mezani, na kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Asiyekubali asicheze, naye asichekwe. Zipo ahadi zisizofaa kuingizwa humo: usimwapie mtu kwa Mungu, kwa mtoto wala kwa udugu wenu ili akuamini kuhusu Galicia. Ukishaapa hivyo umetoka kwenye mchezo, na ukigeuka umemkosea mtu wa kweli. Kwa shemeji yako, nenda nyumbani kwake. Usimweleze mbinu ulizotumia. Muulize anaendeleaje.

Tupo watano tu, na pia nimesikia kompyuta imeweza mchezo huu. Kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Watano mnaweza. Kanuni za zamani zinaelekeza kuziondoa Italia na Ujerumani: vikosi vyao vinakaa palepale vilipo, havisogei, na vikishindwa vinaondolewa. Mkiwa sita, inaondolewa Italia peke yake. Fahamuni kwamba ramani inabadilika sana. Ufaransa na Austria wanapata nafasi ambayo kwa kawaida hawaioti, kwa hiyo wengine wawapunguze mapema.

Ya kompyuta ni kweli. Novemba 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza programu yao iitwayo Cicero katika jarida la Science. Ilicheza michezo 40 mtandaoni na watu 82, ikizungumza nao kwa maandishi, na ikaingia katika asilimia 10 ya juu ya wale waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Kinachonivutia ni namna ilivyoundwa: ujumbe wake ulifungwa kwenye amri ilizokusudia kuzitoa wakati ule, na mapendekezo yake yalikuwa ya majimbo na vikosi, yenye faida kwa aliyeandikiwa. Someni mazungumzo yake mkiyapata. Mtaona kwamba maneno ya kujipendekeza ni machache sana.

Nimegeukwa mwaka 1902, nimebaki na vituo viwili. Nijitoe? (Msomaji, Mwanza)

Usijitoe. Ukiondoka sasa, vituo vyako vinamwangukia aliyekugeuka, na wengine watano wameharibiwa mchezo wao.

Kwanza, kubali kwamba huwezi kushinda vita hivyo kwa nguvu, na utafute nani atakayekerwa na ukubwa wa aliyekugeuka. Mwendee huyo na vikosi vyako viwili kama zawadi: "Niambie niunge mkono wapi." Jirani anayepata msaada wa bure kila zamu hatakuua haraka. Jeshi moja lililokaa mahali pazuri linaweza kukata uungaji mkono wa adui kwa kulishambulia jimbo linalotoa msaada, hata likishindwa kuingia, na kwa amri hiyo moja shambulio kubwa linaporomoka. Watu huja kukutafuta kwa ajili ya kazi hiyo.

Pili, zungumza na aliyekugeuka pia, tena bila kinyongo. Akianza kuogopa kwamba mtu mwingine anakaribia 18, atahitaji kila kikosi kilichobaki kuziba njia, na chako kinaweza kuwa ndicho kinachokosekana. Kwenye sare, aliyebaki na kituo kimoja anahesabiwa sawa na aliye na kumi na vitano.

Tatu, andika amri zako vizuri kuliko mtu yeyote mezani. Manowari inayoingia Hispania, Bulgaria au St. Petersburg lazima itajwe inashika pwani ipi, maana majimbo hayo matatu yana pwani mbili. Mwenye vikosi vinane anaweza kumudu amri moja iliyobatilishwa. Wewe mwenye viwili, ukikosea moja, nusu ya jeshi lako imelala.